Je, Wajua? Mjamzito anaweza kuvuja damu tumboni bila tone kuonekana nje

Mimba ikiwa changa, chanzo kikuu ni mimba iliyotunga kwenye mrija. Vipo pia vyanzo adimu: mimba iliyokulia kwenye pembe ya kizazi isiyokamilika, au mshipa wa bandama uliovimba ukapasuka, hasa miezi mitatu ya mwisho. Altrasaundi huinasa damu hiyo kwa dakika chache. Daktari huweka kifaa ubavu wa kulia, akatazama upenyo kati ya ini na figo. Utepe mweusi hapo ni majimaji; kwa mama aliyepauka, mapigo yakienda mbio, huchukuliwa kuwa ni damu.

Inapendeza kujua kuwa daktari Ian Donald wa Glasgow alianza majaribio yake ya altrasaundi mwaka 1955 kwa mashine ya kiwandani ya kusaka nyufa kwenye chuma.

Mama wa Feri au Kariakoo, ukishikwa ghafla na tumbo, kizunguzungu, au maumivu nchani mwa bega, usimeze dawa ukaendelea na biashara. Wahi Muhimbili au hospitali iliyo karibu, na useme mapema kwamba una mimba, hata kama ni ya wiki chache.