Kupanga Mwaka wa Mafundisho ya Imani Nyumbani kwa Watoto wa Umri Tofauti



Wapendwa waamini, Dominika ya kwanza ya Majilio huangukia kati ya tarehe 27 Novemba na 3 Desemba. Ni majira ambayo shule zetu nyingi hufungwa au hukaribia kufungwa, na watoto hukutana tena chini ya paa moja: wa chekechea, wa darasa la nne, na yule wa sekondari anayerudi kutoka bweni. Mama Kanisa anapouanza mwaka wake wa liturujia, wanafunzi wote wa shule ya nyumbani wapo. Ndiyo maana tunapenda kuwashauri wazazi na walezi namna ya kupanga mwaka wa mafundisho ya imani katika familia yenye watoto wa umri tofauti.

Wajibu huu ni wa wazazi kabla ya kuwa wa mtu mwingine yeyote. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Tamko juu ya Elimu ya Kikristo la tarehe 28 Oktoba 1965, unafundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Kanuni ya 774 ya Sheria za Kanisa inawadai kuwalea watoto katika imani kwa neno na kwa mfano wa maisha. Padre na katekista huja kuwasaidia. Hata hivyo, katika parokia zetu tunaona watoto wengi wakifundishwa hadi Komunyo ya Kwanza, kisha hadi Kipaimara, na baada ya hapo daftari la mafundisho linafungwa. Kijana akifika chuoni au kazini na kuulizwa kwa nini anasadiki, anabaki na majibu aliyokariri akiwa na miaka kumi. Majibu hayo ni ya kweli, lakini hayajakua pamoja naye.

Wapo wazazi wanaolitambua hilo na kuanza kwa bidii kubwa: kila mtoto kitabu chake, kila mtoto saa yake. Mama anayerudi sokoni jioni au baba anayefanya kazi ya zamu hawezi kuendesha madarasa matatu kwa usiku mmoja, na mpango huo hufa kabla ya Kwaresima. Ushauri wetu ni huu: somo liwe moja kwa wote, kazi ziwe tofauti kadiri ya umri.

Somo hilo moja tumekwisha kupewa na Kanisa. Masomo ya Dominika yamepangwa katika mzunguko wa miaka mitatu: Mwaka A tunamsikiliza hasa Mathayo, Mwaka B Marko, na Mwaka C Luka, huku Injili ya Yohane ikisomwa zaidi katika Kwaresima na Pasaka. Mtoto anayeanza na Mathayo akiwa na miaka 7 atakutana naye tena akiwa na miaka 10, kisha 13, kisha 16. Mwinjili ni yuleyule, lakini msikilizaji amekua. Mdogo hapotezi kitu kwa kutoelewa yote mwaka huu, kwa sababu somo litarudi.

Tuchukue mfano wa mpanzi, katika sura ya 13 ya Mathayo. Mtoto wa chekechea ashike punje za mahindi mkononi na kusimulia zilikoangukia. Wa darasa la nne asome Injili kwa sauti na kueleza aina za udongo. Wa sekondari aulinganishe mfano huo na sura ya 4 ya Marko na ya 8 ya Luka, kisha aseme ni miiba gani inayosonga imani ya vijana wenzake. Nusu saa ya Jumamosi jioni inatosha, na kesho yake wote wataisikia Injili hiyo kanisani wakiwa wamejiandaa.

Kwaresima nayo ni moja kwa nyumba nzima. Kanuni ya 1252 inasema sheria ya kutokula nyama huwabana waliotimiza miaka 14, na ile ya kufunga huanza mtu anapotimiza miaka 18. Lakini kanuni hiyohiyo inawataka wazazi wawalee hata walio chini ya umri huo katika roho ya kweli ya toba. Mdogo anaweza kuacha sukari katika chai yake, na fedha iliyookolewa ikamwendea jirani mgonjwa.

Mkubwa pia apewe nafasi ya kumfundisha mdogo. Tunapoadhimisha Mashahidi wa Uganda tarehe 3 Juni, tuwakumbushe watoto kwamba Mtakatifu Karoli Lwanga aliwafundisha na kuwaimarisha vijana waliokuwa chini yake katika ikulu, na mwaka 1886, siku chache kabla ya kuuawa, alimbatiza Kizito, kijana wa miaka ipatayo 14.

Mpango wenyewe uandikwe katika karatasi moja: Mwinjili wa mwaka, jioni ya kukutana, sala moja ya kujifunza kila kipindi, Rozari ya Mei na Oktoba, na kuwaombea marehemu mwezi Novemba. Aliye bweni aondoke na nakala yake pamoja na Biblia. Msiba, ugonjwa, mavuno na mitihani vitakuja. Juma likipita bila somo, msilifidie, endeleeni na Injili ya Dominika inayofuata. Na bibi anayelea wajukuu peke yake, hata kama hajui kusoma, asijione hafai: mjukuu atasoma, naye ataeleza jinsi imani ilivyomshika mkono katika maisha yake. Hilo hakuna kitabu kinachoweza kumfundishia.

Tunawaalika basi, kabla ya Majilio kuanza, mketi na watoto wenu na kuiandika karatasi hiyo pamoja. Mkikwama, mwulizeni katekista, au mlilete suala hilo katika Jumuiya Ndogo Ndogo, kwa maana jirani yenu huenda ana swali hilohilo.

Familia Takatifu ya Nazareti, mtuombee.