Mlio wa dabi, hesabu ya tajiri

KARIAKOO haihitaji kalenda kujua kwamba leo kuna dabi. Tangu asubuhi bodaboda zenye bendera nyekundu zinajipanga Msimbazi, zenye kijani na njano zinajipanga Jangwani, na zote safari ni moja, Kwa Mkapa. Mbele ya msafara hawakai wenye magari. Wanakaa wenye pikipiki, na kati yao anayepewa heshima ni yule ambaye mlio wake umefika kabla yeye hajakata kona.

Heshima hiyo inatengenezwa siku mbili tatu kabla ya mechi. Boxer au TVS iliyotoka dukani ina mlio wa upole, wa kumpeleka mama mkwe kanisani. Shabiki anataka mngurumo mzito, wa besi, kama ule wa Harley-Davidson anaouona kwenye sinema. Basi anaazima drili, anatoboa matundu manne matano kwenye mgongo wa sailensa, anapiga resi, majirani wanachungulia dirishani. Kwake yeye kazi imekwisha.

Ila ukisikiliza vizuri, alichopata si besi. Ni kelele tu.

Injini ya bodaboda ina silinda moja na mipigo minne. Maana yake inalipua mafuta mara moja kila inapozunguka mara mbili. Ikinguruma taratibu kwenye mizunguko 1,400 kwa dakika, inalipua kama mara 12 kwa sekunde. Ikivutwa hadi 6,000, ni mara 50 kwa sekunde. Besi inatokana na milipuko hiyo yenyewe. Juu yake zinapanda sauti nyingine nyingi, nyembamba na kali, zile za kupasua.

Sailensa ya kiwandani imegawanywa vyumba kwa sahani za chuma, na vyumba vinaunganishwa na vijibomba. Moshi unaingia, unageuzwa, unarudishwa nyuma, unatafuta tundu jingine, kama winga anayekutana na mabeki watatu mfululizo. Humo ndani mawimbi ya sauti yanagongana na kuuana. Ukitoboa mgongo, au ukikata kabisa na kutoa utumbo wote, umewatoa mabeki uwanjani. Besi inapita, lakini zile kali nazo zinapita, na sikio la binadamu limeumbwa kushika zaidi zile kali. Ndiyo maana boda iliyotobolewa inasikika kama bati linalopigwa nyundo.

Na hiyo Harley? Hapo mashabiki wanajichosha bure. Mlio wake unatoka kwenye injini yenyewe, yenye silinda mbili zilizokaa kama herufi V kwa nyuzi 45, kwa hiyo milipuko yake haipishani kwa nafasi sawa. Kampuni hiyo iliwahi kuomba usajili wa mlio huo kama alama yake ya biashara mwaka 1994, na ikaliondoa ombi mwaka 2000. Silinda moja ya cc 150 haifiki huko hata itobolewe vipi.

BESI YA KWELI INAVYOPATIKANA

Kinachowezekana ni kushusha mlio, na njia yake ni ya kuchuja. Fundi anayejua haachi sailensa tupu. Anaifungua kwa grinda, anapitisha katikati bomba lenye matundu madogo madogo, upana wake ukikaribiana na lile linalotoka kwenye injini, kisha anajaza pamba ya kioo kati ya bomba hilo na ganda la nje. Pamba inazimeza zile sauti nyembamba, ile nzito inapita. Ganda likiwa refu na pana kidogo, mlio unazidi kushuka. Kinachotakiwa ni pamba ya kuhimili moto. Wapo wanaosokomeza sponji ya godoro au matambara, halafu wanashangaa pikipiki inafuka moshi kabla ya filimbi ya kwanza.

Kwa anayefanya nyumbani, kuna mambo mawili yanayosahaulika sana. Kabla ya kuchomelea kwa umeme, waya wa betri uchomolewe, la sivyo mfumo wa umeme wa pikipiki unaweza kuungua. Na lile bomba la maji lililobaki kwenye ujenzi lisitumike hivi hivi. Limepakwa zinki, na moshi wa zinki likichomwa unamlaza mtu na homa usiku huo huo. Dabi ataiangalia kitandani.

JUMATATU

Ishu kubwa yenyewe inakuja baada ya mechi. Boda wengi hawaendeshi pikipiki zao. Wako kwenye mkataba, na kila siku tajiri anataka hesabu yake, Simba ashinde, Yanga ashinde, au watoke sare.

Moshi ukitoka kirahisi kuliko kiwanda kilivyopanga, pikipiki ya kabureta inaweza kuanza kuvuta hewa nyingi na mafuta kidogo. Injini inachemka. Plagi ikifunguliwa inakutwa nyeupe badala ya rangi ya kahawa. Mvuto wa chini nao unaweza kupungua, na huo ndio unaohitajika ukiwa na abiria na gunia la mkaa kwenye mlima. Dereva anazidisha mafuta ili aende vilevile. Anayejua anabadilisha jeti ya kabureta, anaitazama plagi tena baada ya siku kadhaa. Wengi hawafanyi hivyo, na vali ikiungua tajiri hataki kusikia habari za derby.

Masikio nayo yana hesabu yake. Taasisi ya usalama na afya kazini ya Marekani, NIOSH, inaweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa nane, na kila zinapoongezeka desibeli tatu muda unakatwa nusu. Zikifika 100, ni dakika 15 tu. Msafara wa kutoka Kariakoo hadi Kwa Mkapa siku ya dabi hauishi kwa dakika 15. Halafu kuna trafiki, na kuna kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2015, ambazo hazina kipengele cha kumsamehe aliyevaa jezi.

Wajanja wa vijiweni wameshaona njia. Wananunua sailensa ya pili, iliyotumika, na hiyo ndiyo wanayoikata na kuifungia pamba. Ya kiwandani haiguswi. Siku ya mechi inafungwa ile ya besi, usiku au alfajiri inarudishwa ya kazi. Ni nati mbili za shingoni na bolti ya kuishikilia kwenye fremu, dakika 30 hazifiki injini ikiwa imeshapoa. Gasketi ya shingoni tu ndiyo isirudishwe ile ya zamani, kwa sababu ikivujisha, pikipiki inapiga makombora kila dereva anapoachia mafuta, na abiria wa Jumatatu anashuka njiani.