Wachezaji wa Nzoia Katikati ya Msimu: Wapimwe kwa Kipimo Gani?

Mji wa Webuye umekaa kando ya mto Nzoia, karibu na mahali ambapo maji huanguka kwa kishindo katika maporomoko ya Nabuyole. Wazee wa hapo bado waukumbuka kwa jina lake la zamani, Broderick Falls. Kwa miaka mingi mji huo ulikuwa na fahari mbili, kiwanda na mpira. Kiwanda cha karatasi cha Pan African Paper Mills kilianza kazi katika mwaka 1974, na timu yake, Pan Paper, ilifika hata kucheza katika ligi kuu ya Kenya. Kiwanda kilifungwa mwaka 2009, na mishahara ya watu wengi ikakatika. Mwaka 2016 kilipata mwenyewe mpya na kufunguliwa tena kwa jina la Rai Paper, lakini timu ile haikurudi katika ligi kuu. Wapenzi wa mpira wa Webuye ikawabidi watafute pengine pa kuelekeza mioyo yao.

Jirani hakuwa mbali. Kando ya barabara iendayo Bungoma kuna kiwanda cha sukari cha Nzoia, nacho kilikuwa na timu yake. Timu hiyo, iliyokuwa ikiitwa Nzoia United, ilipandishwa daraja baada ya msimu wa 2016, ikaanza kucheza ligi kuu mwaka 2017 kwa jina la Nzoia Sugar. Siku ya mechi katika uwanja wa Sudi mjini Bungoma, karani wa ofisi na mkulima wa miwa walikaa bega kwa bega, kila mmoja akiwa na maoni yake juu ya nani acheze na nani aketi.

Ni maoni hayo yanayostahili kuangaliwa hapa. Kila msimu, timu zote zinapokuwa zimekwisha kucheza nusu ya mechi zao, wapenzi wa mpira huwa na desturi ya kuwapima wachezaji mmoja mmoja. Huyu husifiwa, yule hulaumiwa, na wa tatu huambiwa afungashe virago. Lakini kipimo kinachotumika mara nyingi ni kibovu, na hadithi ya Nzoia katika mwaka 2018 yaonyesha hasara yake.

Mahindi yaliyofika magotini

Ligi ya mwaka 2018 ilikuwa na timu 18, na kila timu ilipaswa kucheza mechi 34. Ilianza mwezi wa Februari, ikaisha mwezi wa Oktoba. Kalenda hiyo yakaribiana sana na ile ya mkulima wa mahindi wa Kitale au Bungoma, ambaye hupanda mvua za kwanza zinaponyesha na kuvuna karibu na mwisho wa mwaka. Basi katikati ya msimu ni kama wakati ambapo mahindi yamefika magotini. Mkulima mwenye akili hatembei shambani akisifu mabua marefu tu. Hutazama mstari mzima, akaona palipo na magugu, palipokosa mbolea, na palipoingia wadudu. Anajua kwamba bado ana nafasi ya kupalilia na kuongeza mbolea, na kwamba akichelewa, hakuna sala itakayomjazia ghala.

Katika nusu ya kwanza ya mwaka ule, bua refu la Nzoia lilikuwa Elvis Rupia, mshambuliaji aliyekuwa miongoni mwa wafungaji wakubwa wa ligi nzima. Mwalimu wa timu alikuwa Bernard Mwalala, mtu aliyewahi kuwa mshambuliaji mwenyewe na kuichezea Yanga ya Dar es Salaam. Kwa mpenzi wa timu, hesabu ilionekana rahisi: timu ina mfungaji, tena ina mwalimu ajuaye kazi ya kufunga. Nini tena kilichotakiwa?

Jibu lilikuja kabla ya msimu kumalizika. Mwezi wa Julai Rupia alikwenda Zambia kuichezea Power Dynamos ya Kitwe. Mwaka huo huo Mwalala naye alihamia Bandari ya Mombasa. Ligi ilipokwisha, kombe lilichukuliwa na Gor Mahia, na timu iliyoshika nafasi ya pili ilikuwa Bandari chini ya Mwalala. Nzoia ilibaki na masikitiko.

Wala haiwezi kusemwa kwamba wapenzi wa timu walikosea juu ya Rupia mwenyewe. Katika msimu wa 2022/23, akiichezea Polisi ya Kenya, alifunga magoli 27, akaivunja rekodi ya magoli 26 iliyowekwa na Maurice Ochieng wa Gor Mahia, aliyejulikana kwa jina la Sonyi, tangu mwaka 1976. Mtu huyo alikuwa mfungaji wa kweli. Kosa lilikuwa katika kuipima timu nzima kwa mguu wa mtu mmoja.

Mstari kwa mstari

Basi mpenzi wa mpira atakaye kufanya hesabu ya haki na achukue daftari, kama karani afanyavyo anapohesabu mali ya stoo nusu ya mwaka, na aanze nyuma aende mbele.

Wa kwanza ni golikipa. Watu wengi humpima kwa idadi ya magoli yaliyoingia, na hapo humdhulumu. Goli lililopigwa kutoka hatua tano, baada ya mabeki wawili kupitwa, si deni lake peke yake. Yafaa kuandika ni mipira mingapi aliyotoka kuifuata angani, ni mara ngapi aliwapigia mabeki wake kelele wakasimama vizuri, na kama anapofungwa goli moja hulegea akafungwa la pili. Wazee wa mpira wa Kenya bado humtaja Mahmoud Abbas wa AFC Leopards, aliyekuwa langoni Kenya iliposhinda Kombe la Chalenji mara tatu mfululizo, katika miaka ya 1981, 1982 na 1983. Sifa yake haikuwa mikono tu. Kipa wa namna hiyo huwafanya mabeki mbele yake wacheze bila hofu.

Wa pili ni mabeki. Hao wapimwe kwa dakika. Timu nyingi hulinda vizuri kwa saa nzima, kisha huvunjika katika robo ya mwisho, miguu inapochoka na mawazo yanapoanza kutanga. Mpenzi wa timu na aandike kila goli liliingia dakika ya ngapi. Akiona mengi yameingia mwishoni, basi shida ni pumzi na mazoezi, na kumbadilisha beki mmoja hakutaiponya. Watu wa magharibi mwa Kenya walikuwa na mfano mwema katika Jonathan Niva, beki aliyekuwa kapteni wa timu ya taifa ilipokwenda Kamerun kushindania Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 1972. Kapteni akiwa nyuma, huona uwanja wote mbele yake.

Wa tatu ni viungo, na hao ndio wasahauliwao kuliko wote. Jina la Joe Kadenge, aliyefariki Julai 2019, lajulikana hata kwa watoto ambao hawakuzaliwa alipokuwa akiichezea Abaluhya na timu ya taifa. Maneno “Kadenge na mpira”, yaliyoenezwa redioni na mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, yamekuwa kama msemo wa Kiswahili. Lakini na msomaji ajiulize: ili Kadenge awe na mpira, ni nani aliyempa? Kulikuwa na mtu aliyeunyang'anya kwa adui, na mwingine aliyeinua kichwa akauona upenyo. Majina yao hayakuimbwa redioni kwa kiasi hicho. Katika daftari la katikati ya msimu, kiungo apewe alama kwa mipira aliyoinyang'anya, pasi zilizofika, na mara alizorudi kumsaidia beki aliyezidiwa.

Wa nne ni washambuliaji. Hapo hesabu ya magoli haiepukiki, ila ifanywe kwa akili. Chukua mfano wa timu yenye magoli 20 katika mechi 17. Kama 10 kati ya hayo ni ya mtu mmoja, timu hiyo imesimama juu ya mguu mmoja. Mtu huyo akiumia, akipata kadi, au akiitwa na klabu ya nchi nyingine yenye fedha zaidi, nusu ya mavuno imekwenda. Timu nyingine yenye magoli 18 yaliyogawanyika kwa watu sita iko salama zaidi, ingawa haina jina linaloandikwa kwa herufi kubwa.

Wa tano ni wale wakaao benchi. Swali lao ni moja: ni nani atakayeingia mchezaji mkubwa akiondoka? Nchi ya magharibi na ya Trans Nzoia haina upungufu wa vijana. Shule ya St. Anthony's ya Kitale na Shule ya Kakamega ni majina yanayoogopwa katika mashindano ya shule. Klabu isiyowatafuta vijana hao mapema hulazimika kununua mchezaji kwa haraka katikati ya msimu, na kitu cha haraka huwa ghali.

Jambo lisiloonekana uwanjani

Liko jambo la sita, nalo haliandikwi sana na wapenzi wa mpira kwa sababu halionekani uwanjani. Timu ya kiwanda hula kwa mkono wa kiwanda. Muwa wa Nzoia huhitaji miezi 18 au zaidi kabla ya kukatwa, na kampuni yenyewe ililemewa na madeni kwa miaka mingi. Katika mwaka 2025 serikali iliikodisha kwa kampuni ya West Kenya Sugar. Lakini kabla ya hapo, mwishoni mwa msimu wa 2023/24, timu ya Nzoia Sugar ilikuwa imekwisha kuteremka kutoka ligi kuu.

Mtu wa Webuye aliipokea habari hiyo kwa uchungu wa aina yake, kwa kuwa hilo halikuwa jambo geni kwake. Alikuwa ameiona Pan Paper ikitoweka, na sasa jirani naye alikuwa ameanguka. Mpenzi wa mpira alipenda kumlaumu fowadi aliyekosa goli siku ya Jumamosi, lakini timu haikuanguka siku hiyo. Timu za viwanda huanza kuanguka siku ambayo fedha za mazoezi, za usafiri na za mishahara zinapoanza kuchelewa. Mchezaji ambaye hajui kodi ya nyumba yake italipwa na nani hukimbia kwa miguu mizito. Tena, mchezaji hodari akiwa katika hali hiyo hana lawama akikubali kwenda kwingine, kwa maana ujana wa mpira ni mfupi na nyumbani wako wanaomtegemea.

Kwa sababu hiyo, kuwapima wachezaji bila kuipima klabu inayowalisha ni kama kulaumu mahindi kwa umanjano wakati mwenye shamba hakununua mbolea.

Faida ya daftari

Huenda mtu akauliza: daftari la mpenzi wa mpira litasaidia nini, ikiwa mwalimu wa timu hataliona? Litasaidia kwa njia mbili. Kwanza, humfundisha mwenye daftari kusema kweli. Ni vigumu kumtukana kijana wa miaka 20 ukiwa umeandika mwenyewe kwamba alirudi mara tisa kuwasaidia mabeki. Pili, wapenzi wa timu wanapokuja mkutanoni wakiwa na hesabu ya mechi 17, viongozi hawawezi kuwapuuza kama wanavyowapuuza watu wenye kelele tu. Swali kama “Rupia akiondoka, nani atafunga?” lingeulizwa kwa nguvu mwezi wa Mei 2018, pengine lingepata jibu kabla ya Julai.

Mpira wa eneo hilo hautakufa kwa timu moja kuteremka. Vijana bado wako katika viwanja vya shule, na kila jioni mpira unapigwa katika vijiji vya Webuye, Bungoma na Kitale. Itakapokuja timu nyingine ya kupanda daraja, iwe ni Nzoia iliyoinuka tena au nyingine, wapenzi wake na wakumbuke mwaka 2018. Walipie kiingilio langoni, wakae na daftari zao, waandike jina la kipa, la beki, la kiungo na la kijana wa benchi, kila moja mahali pake. Kisha, kabla ya kufunga daftari, waulize kama mishahara ya mwezi huo imelipwa.