Muheza, fedha ya kalamu ikae kwenye ncha

Katika mji kama Muheza, peni inayoshikwa na watu wengi zaidi haimo mfukoni mwa mtu. Imefungwa kamba kaunta: dirisha la zahanati, ofisi ya SACCOS, kibanda cha wakala wa fedha za simu, meza ya karani anayepokea machungwa. Watu huishika kutwa, kila mmoja akisubiri zamu yake huku akiitazama. Na mara nyingi haina jina la biashara yoyote. Wakati huohuo mwenye duka anayetaka kujitangaza anaagiza peni 1,000 zenye nembo, anazimaliza kwenye mkutano mmoja, na kabla mwezi haujaisha nyingi zimekauka au zinachezewa na watoto uani.

Kazi ya peni ipo, hata baada ya simu kuchukua mambo mengi. Muheza iko kwenye barabara ya Segera kwenda Tanga, chini ya Usambara Mashariki. Machungwa yanashuka kutoka vijijini katikati ya mwaka. Iliki, karafuu, mdalasini na pilipili manga zinatoka upande wa Amani. Misaji inavunwa Longuza. Mkonge nao haujaondoka. Kila mzigo una karatasi zake: stakabadhi, kibali, daftari la uzito, orodha ya vibarua. Mkaguzi akisimamisha gari, anachotaka kuona ni maandishi yanayosomeka.

Kosa la mnunuzi wa peni za matangazo ni mpangilio wa maswali yake. Huanza na rangi ya bomba, akaja kwenye nembo, akamalizia na bei. Wino hauulizwi kabisa. Ilhali thamani yote ya peni ya gololi imo kwenye kitone cha chuma, kwa kawaida kisichozidi milimita 1, kinachozunguka ndani ya kikombe chake na kupaka wino mzito wa mafuta. László Bíró, mwandishi wa habari wa Hungaria, aliomba hataza ya kifaa hicho mwaka 1938. Mwaka 1950 Marcel Bich wa Ufaransa akaanza kuuza peni ya bei ya chini ambayo hata leo mashuleni kwetu watu wengi huiita biki, iwe ya kampuni hiyo au si yake. Gololi ikichongwa vizuri na ikakaa sawasawa kwenye kikombe chake, peni moja ya kawaida huandika zaidi ya kilomita 2. Kwa sahihi ya sentimita 10, hizo ni sahihi 20,000. Gololi ikilegea, wino unavuja kwenye mfuko wa shati na jina la kampuni yako linaenda kwenye doa.

Peni zinazofika Tanga nyingi zinatoka China, India na Kenya. Nairobi kulikuwa na Haco Industries, waliotengeneza bidhaa za BIC kwa leseni kwa miongo kadhaa hadi BIC yenyewe ilipochukua kiwanda na usambazaji wa Afrika Mashariki mwishoni mwa 2018. Kwa hiyo mfanyabiashara wa Muheza hachagui kiwanda. Anachagua mzigo ulioko Kariakoo au kwa wenye stesheneri Tanga mjini, kisha anatafuta wa kuuchapa. Faida ya hapa kwetu ni uchapaji tu, na hata huo aghalabu hufanyika nje ya wilaya.

Uchapaji wenyewe una njia tatu zinazofaa kujulikana. Peni ya plastiki huchapwa kwa pedi laini ya silikoni inayobeba rangi kutoka kwenye klishe, yaani bamba lenye nembo, na kuibandika juu ya bomba. Kila rangi huhitaji klishe yake, ndiyo maana nembo ya rangi nne hugeuka mzigo wa gharama kwa oda ndogo. Skrini hufaa bomba la mviringo na maandishi manene. Peni ya chuma huchongwa kwa leza, na huo ndio mwandiko usiofutika kwa jasho. Eneo la kuchapa ni jembamba kama kidole, basi achana na kaulimbiu, anwani ya posta na orodha ya huduma: jina na namba ya simu vinatosha. Mwambie mchapaji maandishi yasomeke peni ikiwa imeshikwa na mkono wa kulia. Wapo wanaochapa kinyumenyume, na mteja haoni hadi maboksi yamefika.

Peni za jeli zina rangi nzuri, lakini wino wake wa maji huisha haraka na hukauka kifuniko kikiachwa wazi. Za kubonyeza zinapendwa maofisini. Zikiwa za bei rahisi, springi ndiyo ya kwanza kufa. Kwa matangazo ningenunua peni za mafuta, za buluu au nyeusi, kwa sababu hata Baraza la Mitihani linataka wino wa rangi hizo, na mtoto wa mteja atachukua moja kwenda kufanyia mtihani. Ningepunguza idadi kwa nusu, nikaongeza ubora, na robo ya mzigo ningeipeleka kaunta za watu pamoja na kamba zake.

Upande wa pili wa biashara hii ni kalamu za khati, na hapa hesabu inageuka. Kijana anayetaka kujifunza mwandiko wa mapambo huvutwa na seti za kuagiza, kama Pilot Parallel ya Japani yenye ncha za milimita 1.5, 2.4, 3.8 na 6.0. Ni kalamu nzuri, sina ugomvi nayo. Ila anayeanza haihitaji. Anachohitaji kiko kando ya mito ya Usambara: tete.

Chukua tete kavu la unene wa kidole kidogo, urefu wa shibiri. Lichonge kwa mteremko hadi ubaki ulimi mwembamba, kwangua utando wa ndani, tia ufa mfupi katikati ili ubebe wino, halafu kata ncha kwa pigo moja la kisu kikali juu ya kitu kigumu. Kwa herufi za Kiarabu ncha hukatwa mshazari. Kwa za Kilatini anayeanza aikate sawa. Ibn Muqla wa Baghdad, aliyefariki mwaka 940, alipanga vipimo vya khati kwa nukta inayochorwa na ncha hiyohiyo ya kalamu, na mpaka leo mwanafunzi hupima urefu wa alifu kwa nukta. Kanuni kama hiyo ipo kwenye mwandiko wa mlazo wa Kilatini: kimo cha herufi ndogo ni upana wa ncha mara 5. Ncha ya milimita 2, basi piga mistari ya milimita 10. Ndani ya kidau tia uzi wa hariri au pamba, kalamu isichote wino kupita kiasi.

Ukanda huu si mgeni wa kalamu. Hemedi bin Abdallah el Buhriy wa Tanga aliandika kwa herufi za Kiarabu utenzi wake wa vita vya Wadachi, yaani Wajerumani; Magila, jirani kabisa na Muheza mjini, wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walitoa Habari za Mwezi mwishoni mwa karne ya 19; gazeti la Kiongozi likaanza Tanga mwaka 1904.

Adui wa anayejifunza ni karatasi. Ile ya daftari hunyonya wino wa maji ukatambaa, na huko Amani, mvua inakonyesha karibu milimita 2,000 kwa mwaka, karatasi hushika unyevu hata kabatini. Fanyia mazoezi upande unaong'aa wa karatasi ya kaki, ile ya kufunikia madaftari. Wino mweusi wa kuchorea usiutie kamwe kwenye kalamu yenye tangi: gundi yake huziba njia, na kalamu ndiyo imekwisha.

Soko lipo. Kamati za harusi huchapisha kadi za mchango kwa mamia, kisha jina la kila mwalikwa huandikwa kwa mkono, mara nyingi vibaya, usiku, na yeyote mwenye peni. Vyeti vya shule na vya mafunzo vina pengo hilohilo la jina. Mwenye hati nzuri na matete mawili anaweza kutoza kwa kadi, na mtaji wake hauzidi wino na kisu.

Ukienda kununua, iwe peni 500 za matangazo au kalamu moja ya khati, mwombe muuzaji karatasi uandike mistari kumi palepale dukani, kwa peni uliyoichomoa mwenyewe katikati ya boksi. Akikataa, mwachie mzigo wake.