Filta ya oili ikigoma, nyundo isubiri

Kwenye gereji nyingi za kando ya barabara ya Kilwa, kuanzia Mtoni hadi Mbagala Rangi Tatu, ardhi imekuwa nyeusi kwa oili. Sehemu kubwa humwagika filta inapogoma kufunguka na fundi akaichoma bisibisi kwa nyundo. Bati likichanika, kazi ya nusu saa inakula siku nzima, huku mwenye machungwa ya Mkuranga akihesabu yanayooza.

Filta hugoma kwa sababu ilikazwa kwa spana badala ya mkono, au mpira wake ulifungwa mkavu na joto likaugandisha kwenye chuma.

Injini iwashwe dakika chache oili iwe nyepesi, kisha izimwe na ipoe kidogo, maana oili ya moto huunguza vibaya. Oili ya injini imwagwe kwanza. Halafu filta itobolewe kwa msumari chini kabisa, na tundu jingine juu la kuingiza hewa, beseni likiwa tayari. Filta ya lori inaweza kubeba lita moja au zaidi, na hiyo ndiyo humrukia fundi usoni. Zamani iliviringishwa mfuko wa rambo. Tangu marufuku ya Juni 2019, matambara yanatosha.

Spana ya mkanda au mnyororo ishike karibu na injini, ambako bati ni gumu. Ikishika katikati, bati hubonyea. Bisibisi ibaki kuwa njia ya mwisho.

Hasara kubwa zaidi huja baadaye. Mpira wa zamani ukibaki umenata kwenye injini, na filta mpya ikafungwa juu yake, oili huvuja kwa kasi njiani na injini hunoki. Bei ya filta haikaribii hata kidogo gharama ya kufufua injini ya Fuso, hivyo mwenye lori ana haki ya kutaka aonyeshwe mpira wa zamani kabla mpya haijafungwa. Mpira mpya upakwe oili. Ukishagusa chuma, robo tatu ya mzunguko kwa mkono inatosha, isipokuwa filta yenyewe imeandikwa vingine.

Oili chafu iliyoingia kwenye dumu ina wateja, wakiwamo wanaopaka mbao kuzuia mchwa. Iliyomwagika Mbagala huweza kusombwa na mvua hadi mto Kizinga, ambako mtambo wa Mtoni huchota maji ya wakazi wa Temeke.