Mgongo wa Mwana na Uamuzi wa Zamani



Mama mmoja alitujia baada ya darasa la akina mama, barua mkononi. Mwanawe alihamia Marekani, akaingia jeshini huko, akaumia mgongo kazini. Alipotoka alipewa asilimia 10 ya ulemavu. Miaka imepita, na leo anaswali kitini. "Sheikh," alituuliza, "uamuzi ule wa zamani haugeuziki?" Tumeona jibu liwafae na wazazi wengine wenye wana ughaibuni.

Kwanza tufahamu kipimo. Tangu Septemba 2003, sheria ya huko huupima mgongo zaidi kwa kuinama mbele. Mtu mzima wa afya huinama nyuzi 90, mfano wa rukuu iliyotimia. Anayepita nyuzi 60 asipite 85 hupewa asilimia 10. Anayepita 30 asipite 60, asilimia 20. Asiyepita 30, asilimia 40.

Pili, tutenganishe milango miwili, kwani wengi hugonga usio wao.

Mlango wa kwanza ni wa jana. Askari mstaafu ana mwaka 1 wa kuupinga uamuzi. Ukipita, uamuzi hukaa. Hata hivyo huweza kuvunjwa ikithibitika kosa la wazi lisilobishika: sheria ya siku ile ilikiukwa, au ukweli uliokuwamo jaladani haukutazamwa, na lau si kosa hilo matokeo yangekuwa mengine. Kusema tu kwamba ushahidi ulipimwa vibaya hakutoshi, wala picha za mgongo zilizopigwa leo hazisaidii hapa. Lakini ikiwa uchunguzi wa pekee wa wakati ule uliandika nyuzi 40, naye akapewa asilimia 10, hapo pana neno. Akishinda, huhesabiwa kana kwamba uamuzi sahihi ulitolewa tangu siku ile. Kadhalika, zikipatikana kumbukumbu za jeshi zilizokuwapo zamani bila kufika jaladani, shauri huweza kutazamwa upya.

Mlango wa pili ni wa leo, nao ni mpana zaidi: kuomba nyongeza kwa kuwa hali imezidi. Malipo yake kwa kawaida hayarudi miaka mingi nyuma. Lakini hapa hupokewa ripoti mpya ya daktari, na pia maelezo yaliyoandikwa na mke, mama au rafiki aliyeshuhudia kwa macho yake.

Basi tulimwambia mama: mwambie mwanao aombe kwanza nakala ya jalada lake, asome ukurasa wa uchunguzi, ndipo achague mlango. Vyama vya askari wastaafu vina wawakilishi walioidhinishwa ambao hawatozi ada. Asikimbilie anayedai fungu la malipo.

Mama akauliza, "Nami niandike nini?" Tukamjibu: uliyoyaona, bila kupunguza wala kuzidisha. Ushahidi ni amana, na chumvi moja huweza kuharibu haki nzima.

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Alipokuja Idi, nilimfunga viatu kama alipokuwa mdogo. Alitazama pembeni."

Tukamwambia: andika hilo, mama, na tarehe yake.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu na awape wenye haki haki zao. Wabillahi tawfiq.