Matone Mawili Uani

Mei 2022, kampeni ya polio ilipoenea Tanzania nzima, wachanjaji walinikuta kwa dada yangu Mbagala. Walikuwa wawili: binti mwenye daftari, na mama wa makamo aliyening'iniza begani kiboksi cha chanjo chenye barafu. Mpangaji wa chumba cha nyuma akatoka na mwanawe wa miaka miwili mgongoni.

"Shikamoo mama. Samahani, hii si ile ya korona?"

"Marahaba mwanangu. Hapana. Ile ni sindano, na watoto hawachomwi. Haya ni matone ya polio."

Mpangaji akaingia ndani, akarudi na kadi ya kliniki: BCG, matone, Penta, surua, tarehe zote zimejazwa. Basi huyu hakuwa mpinga chanjo. Alishapanga foleni ya kliniki alfajiri mara nyingi kuliko sisi tunaomwandika. Swali lake lilikuwa jingine: kadi imejaa, mnamfuata mwanangu nyumbani kwa nini? Zahanati unaambiwa panadol ukanunue dukani, leo dawa imeletwa mlangoni, bure!

Hata mimi ningeuliza. Jibu liko Lilongwe. Februari 2022 Malawi ilitangaza mtoto aliyepooza kwa kirusi cha polio chenye nasaba na kile cha Pakistan, ilhali Afrika ilikuwa imethibitishwa Agosti 2020 kuwa haina tena polio ya asili. Kwa wastani, kati ya watu 200 wanaoambukizwa ni mmoja tu anayepooza. Wengi hutembea na kirusi bila dalili, wakikitoa chooni. Ndiyo maana akipooza mmoja hufuatwa mamilioni, na kadi iliyojaa haimwondoi mtoto kwenye hesabu.

Lakini nani alimweleza hayo huyu mpangaji? Alichokuwa amekisikia ni habari za korona. Januari 2021 Rais Magufuli alitilia shaka chanjo hizo hadharani. Julai 28 mwaka huohuo Rais Samia akachanjwa mbele ya kamera. Redio ni ile ile, na haikupita hata miezi saba. Aliyesikia yote mawili akabaki na shaka si mjinga. Tatizo ni kwamba shaka ya sindano ya wakubwa ilihamia kwenye matone ya watoto, ambayo yametumika kwa miongo kadhaa.

Kuna jambo jingine, nalo ni la zamani kuliko korona. Mwaka 1990 watafiti Ilana Ritov na Jonathan Baron walichapisha fumbo hili: kuna mafua yanayoua watoto 10 katika kila 10,000 walio chini ya miaka mitatu. Ipo chanjo inayoyazuia kabisa, ila yenyewe inaweza kuua baadhi. Utakubali iue wangapi? Kwa hesabu, hata ikiua 9 umeokoa mmoja. Wengi walioulizwa walishuka chini ya hapo, na wengine wakasema hata mmoja hapana. Nadhani mzazi yeyote anaielewa hesabu hiyo ya moyoni. Mtoto akichukuliwa na ugonjwa, ni kazi ya Mungu. Akidhurika kwa dawa niliyomshikilia mwenyewe anyweshwe, nitamtazamaje baba yake?

Na si uswahilini tu. Marekani iliruhusu chanjo ya korona kwa watoto kuanzia miezi sita mwezi Juni 2022, ile ya Pfizer ikiwa na dozi ya sehemu moja ya kumi ya mtu mzima. Mwaka mmoja baadaye, hata mtoto mmoja kati ya watano wa chini ya miaka mitano hakuwa ameipata.

Yule mama wa makamo hakuhutubia. Alitoa kichupa, akamwonyesha mpangaji lebo yake: duara, na ndani yake mraba mweupe. "Joto likiipiga chanjo, huu mraba unakolea. Ukifanana na duara, tunatupa. Tazama mwenyewe." Mpangaji akakishika, akakigeuza kwenye mwanga, akatazama kwa muda. Kisha akamfumbua mtoto mdomo. Tone, tone. Mtoto akakunja uso, akapakwa wino kidole kidogo.

Chumba cha mbele mlango ulifunguliwa nusu. "Baba yao hajarudi," sauti ikasema. Binti akaandika kwenye daftari, akachora alama ya chaki ukutani: warudi jioni.